Asali ya Chumba 1116

Faksi iliingia ofisi ya maliasili ya mkoa, mjini Dodoma, Jumanne tarehe 19 Novemba 1996, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ilikuwa na mistari sita tu. Wanunuzi wa Kopenhagen walisema hivi: chupa moja ya asali ya majaribio, waliyoletewa na wafugaji nyuki wa Kondoa, imepimwa maabara na kukutwa na sukari ya dukani, tena si kidogo. Chupa ilipofunguliwa, nta iliyoziba kifuniko ilikuwa nzima. Kwa hiyo sukari ilitiwa Tanzania, kabla chupa haijazibwa. Kama wahusika wana maelezo, wayalete kabla ya Ijumaa tarehe 22, saa kumi jioni. Baada ya hapo mazungumzo yamekwisha.

Aliyeziba chupa ile kwa mkono wake alikuwa Sikudhani, mama wa miaka hamsini na minne kutoka vilima vya Kondoa, ambaye wenzake mia moja na arubaini na mbili walimchagua akawawakilishe Ulaya. Ilipofika saa sita mchana, mwenyekiti wa kikundi, Iddy, alikuwa amekwisha piga simu. Alisema mambo mawili: Sikudhani afikishwe polisi kwa udanganyifu, na Ijumaa baada ya swala wanachama watakutana kumfukuza. Mapipa kumi na tisa ya asali yalikuwa tayari ghalani Kizota yakisubiri meli. Wanunuzi hao wakikataa, asali yote ingerudi kwa Abdulrahim, mfanyabiashara wa mjini, ambaye kabla ya biashara huria na baada yake alikuwa na bei moja tu, bei anayoitaka yeye.

Jalada lilipewa Inspekta Evodia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye macho ya kuuliza hata akiwa amenyamaza. Alishawahi kufuatilia ng'ombe wa wizi hadi kwenye matope ya Bahi, na vyeti vya kughushi hadi Mpwapwa, lakini ndani ya ndege hakuwahi kukanyaga. Kesi yenyewe ilikuwa ya chupa iliyolala hotelini, ghorofa ya kumi na moja, nchi ya mbali. Inspekta alilitazama jalada, akacheka peke yake, halafu akachukua kofia.

Jumatano saa mbili asubuhi alimkuta Sikudhani katika ofisi ndogo ya ghala, Kizota, amekaa wima kwenye benchi na kifurushi cha kitenge mapajani. Nje mafundi walikuwa wanagonga mabati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Nianzie mwanzo. Mlikwenda wangapi?"

"Watatu. Mimi, Mzee Elisante wa maliasili, ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, na kijana Fabian, katibu na mkalimani. Tulifika Ijumaa tarehe mosi, tukaondoka Jumatatu. Wanunuzi walisema tupumzike siku tatu, tuuone mji, Jumatatu tukabidhi chupa."

"Na hoteli?"

Sikudhani alikishika vizuri kifurushi. Uso uliokuwa umekunjamana kwa fedheha ulifunguka wenyewe.

"Mwanangu, nitakuambia nini! Mlango unakuona ukija, unafunguka. Chumba cha kioo kinakupandisha juu, unaona watu wanakuwa wadogo kama punje za ulezi. Nilishika bomba, nikasema subhanallah. Maji ya moto, usiku, mchana, hayaishi. Bafuni kuna dude ukutani, ukilinyanyua linapuliza upepo wa moto. Mzungu anakaushia nywele! Nilikaa pale najiuliza, hawa watu wamebakiza nini cha kumwomba Mungu?"

Evodia alijikuta ameacha kuandika na mdomo uko wazi. Akaufunga.

"Ufunguo wa chumba ulikuwaje?"

"Si ufunguo. Ni kadi, kama ya kliniki, lakini ngumu. Unaichomeka mlangoni, taa ya kijani inawaka. Halafu ukiingia ndani kuna kijisanduku ukutani, unaichomeka tena. Siku ya kwanza sikujua maana yake. Mfanyakazi alinichomekea, akaondoka. Mimi nikaona kadi imeachwa ukutani, nikasema wataiiba, nikaichomoa nikaifunga kwenye ncha ya kanga. Nikaingia kuoga. Nimejipaka sabuni mpaka machoni, pu! Giza. Taa, televisheni, kila kitu kimekufa. Nilipiga kelele mpaka Mzee Elisante akaja kugonga. Kumbe bila kadi ukutani, chumba chote hakina umeme."

Alicheka, na Evodia akacheka naye, wakasahau kwa dakika nzima kwamba mmoja wao ni mtuhumiwa.

"Chupa ilikaa wapi?" Evodia akauliza, akijirudi.

"Kabatini kwangu, 1116, chini ya nguo. Mzee alitaka ikae chumbani kwao, yeye na Fabian, 1114. Alisema yeye ndiye kiongozi. Nikakataa. Alikasirika, hakunisemesha mpaka chakula cha jioni. Lakini asali ni yetu, si ya serikali."

"Na kadi ya chumba chako?"

"Haikutoka kwenye kanga yangu hata siku moja. Jumatatu nilimpa Fabian akairudishe mapokezi."

Evodia alipiga mstari chini ya maneno hayo. Maelezo yale yalimfunga mama kuliko faksi. Kama kadi ni moja na haikumtoka, nani mwingine angeigusa chupa?

"Mama, uliwahi kutoka ukakiacha chumba?"

"Jumamosi jioni. Wenyeji walikuja kutuchukua kwenda kula. Saa kumi na mbili na nusu, na giza limeshaingia kitambo, huko jua linawahi kuondoka. Nilikwenda mimi na Mzee. Fabian alisema tumbo linamkata, akabaki. Tukarudi saa tatu na nusu."

"Ulipoingia chumbani uliona nini?"

"Hakuna kilichosogea. Ila nilisikia harufu ya nta. Nikasema, Sikudhani, nyumbani kunakuita." Alifungua kifurushi. "Nimeleta vitu vyangu, usije ukasema nimeiba. Sabuni hizi mbili, vikaratasi vitano vya sukari ya mezani, nilivichukua kwa ajili ya watoto. Na hii hapa, ina picha ya hoteli. Ya wajukuu."

Ilikuwa karatasi ngumu iliyokunjwa kama kadi ya harusi. Nje palikuwa na picha ya jengo la ghorofa kumi na tisa, lote vioo. Ndani mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: 1116, na chini yake, 2.

"Hii mbili ni ya nini?"

"Sijui, mwanangu. Waliniletea kadi ikiwa humo ndani."

"Nani alikuletea?"

"Fabian. Sisi tulikaa kwenye makochi, tumechoka. Kijana ndiye aliyekwenda kusimama mapokezi."

Evodia aliomba kuiazima karatasi ile. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

Saa tano alikuwa ofisini kwa Elisante. Mzee alikuwa Mpare wa miaka hamsini na saba, mwenye koti siku zote, hata Dodoma ikichemka. Evodia alishauliza nje kabla ya kuingia, akaambiwa jambo lisilopendeza: Mzee ni jirani yake Abdulrahim, na kila asubuhi huja kazini kwa gari la Abdulrahim.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Najua unachotaka kuuliza, nami nakujibu. Ndiyo, napewa lifti na Abdulrahim. Gari la ofisi halina magurudumu tangu mwaka jana."

"Na chupa? Uliitaka ikae kwako."

"Mimi nilikuwa kiongozi wa msafara. Kitu kikipotea naulizwa mimi. Si unaona? Naulizwa mimi!" Alipiga meza, kisha akatulia. "Yule mama alikuwa na haki. Nilimkasirikia bure."

"Chumba chenu kilikuwa na kadi ngapi?"

"Mbili. Wanatoa mbili."

"Moja yako, moja ya Fabian?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo watoto hukaa na funguo za stoo.

"Binti yangu, mimi nikiwepo kijana ashike ufunguo wa nini? Zote mbili nilizitia mfuko wa ndani wa koti. Vijana hupoteza vitu. Nilikuwa nafungua mimi, nachomeka ukutani mimi, nachomoa mimi. Jumatatu nikazirudisha kwa mkono wangu, moja, mbili."

"Jumamosi jioni mlipokwenda kula, zilikuwa wapi?"

"Mfukoni, zote. Nimekwambia."

"Na Fabian mgonjwa mkamwacha."

"Alikuwa amelala kitandani anaugulia. Nikamwambia pole, nikatoka." Alisita. "Tuliporudi nilimkuta amesimama koridoni. Alisema ametoka kutafuta maji ya kunywa, mlango ukamfungia nje. Ile milango inajifunga yenyewe, si mchezo. Inspekta, nimefanya kazi ya serikali miaka thelathini na mbili. Nilipoona mji ule usiku, taa mpaka upeo wa macho, hakuna hata moja inayopepesa, nilivua kofia. Sikuona aibu. Nilivua."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na Evodia hakuona pa kuweka swali jingine. Akaliuliza hata hivyo.

"Asubuhi ya Jumamosi, mezani pale hotelini, kuna aliyechukua sukari?"

"Si mimi, nina kisukari. Yule mama alichukua vichache. Fabian alijaza mifuko miwili ya koti. Nikamwambia acha kutuaibisha, akasema watoto wa dada yake wanapenda vikaratasi."

Fabian aliitwa kituoni saa nane mchana. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, shati limenyooka, saa mpya mkononi. Alisimama mpaka alipoambiwa akae.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umepona tumbo?"

"Tumbo? Ah, lile la Kopenhagen. Nimepona, ahsante." Alitabasamu. "Kwa kweli afande, hili jambo linanisikitisha. Mama Sikudhani ni kama mama yangu. Lakini huko kuna wafanyakazi wanaosafisha vyumba, wana funguo za kila mlango. Mimi ningeanzia hapo."

"Nimeliandika. Jumamosi jioni wewe ulikuwa wapi?"

"Chumbani, 1114. Sikutoka, isipokuwa mwishoni, kutafuta maji."

"Saa tatu nzima, peke yako? Pole. Ulikuwa unafanya nini?"

Evodia aliliuliza kama mtu anayetaka hadithi, na kwa kweli alikuwa anaitaka. Fabian alisogeza kiti mbele.

"Afande, ile televisheni! Chaneli thelathini na mbili. Unabonyeza ukiwa umelala. Hapa tuna nini? Hatuna hata moja. Nilitazama watu wakiteleza juu ya barafu, wamevaa viatu vya visu, wanazunguka kama pia, hawaanguki! Nikahamia nyingine, nikaona mpira, Wajerumani wanacheza mvuani, jasho unaliona. Niliwasha taa zote. Taa ya kitandani, ya mezani, ya kwenye kioo. Nilisema leo na mimi niishi. Tumbo lenyewe lilisahaulika."

"Taa zote," alisema Evodia taratibu.

"Zote."

"Na kadi za chumba?"

"Hizo alikuwa nazo Mzee. Mimi sikuwahi kushika kadi hata moja, muulize."

"Nimemuuliza. Anasema hivyo hivyo."

Fabian akaagwa, akaondoka ametulia. Evodia alibaki na daftari wazi. Kisha akaenda posta kwa miguu, jua la saa tisa likimchoma kisogoni, akaandika faksi kwa hoteli yenye vioo. Aliuliza jambo moja tu: vyumba 1114 na 1116 vilitolewa kadi ngapi, na zilirudi ngapi? Alitia sahihi, akafikiri kidogo, akaongeza kwamba hoteli yao inasifiwa sana Dodoma.

Jibu lilikuja Alhamisi saa sita. Waliandika kwa adabu mno. Kila chumba kilitolewa kadi mbili, Ijumaa tarehe mosi, zikapokelewa na Bwana Fabian. Kadi zote nne zilirudishwa Jumatatu: mbili na mzee mwenye koti, mbili na kijana. Wanashukuru kwa sifa.

Ijumaa saa tatu asubuhi wote walikusanyika ghalani Kizota, katikati ya mapipa. Iddy alikuwa amesafiri kutoka Kondoa kwa basi la kwanza la jana yake, uso umejaa vumbi na hasira, kwa sababu mkutano wa kumfukuza Sikudhani ulikuwa unasubiri simu yake. Alikataa kukaa karibu na mtuhumiwa. Elisante alikuwa na koti lake. Fabian alimwamkia kila mtu, akachagua kiti cha pembeni.

"Sitawachelewesha," alisema Evodia. "Kuna wanaosema mama alitia sukari humu nchini. Kuna waliosema ni wafanyakazi wa hoteli. Nami nakiri, juzi nilimfikiria Mzee Elisante."

"Mimi!" Mzee alinyanyuka.

"Kaa mzee wangu. Koti lako ndilo limekuokoa. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu ulitoka na kadi ngapi za 1114?"

"Mbili."

"Ukutani ulibakiza nini?"

"Nibakize nini? Hakuna."

"Mama Sikudhani, chumba cha pale kikikosa kadi ukutani kinakuwaje?"

"Giza," alisema Sikudhani. "Giza tupu. Mimi na sabuni yangu tunalijua."

Evodia aligeuka.

"Fabian. Katika chumba kisichokuwa na kadi, ulitazama watu wakiteleza kwenye barafu. Ukawasha taa ya kitandani, ya mezani, na ya kwenye kioo. Kwa umeme gani?"

Nje mafundi waliendelea kugonga mabati. Fabian alivuta kiti nyuma.

"Nilikosea. Labda nilitazama siku nyingine."

"Siku nyingine gani? Jioni nyingine zote mlikuwa pamoja. Usijisumbue, nakuamini. Uliiona ile barafu, mtu hawezi kuitunga. Ila hukuiona 1114. Mzee alipotoka ulibaki gizani, na mfukoni ulikuwa na kadi moja, ya pili ya 1116. Ulipewa mbili mapokezi, mama ukampa moja. Karatasi yao ilikuwa imeandikwa mbili, lakini ulijua mama hatajua maana yake. Jumatatu ukairudisha pamoja na ya kwake. Hoteli wamehesabu." Akaweka faksi juu ya pipa. "Ulikwenda chumba chenye mwanga na chenye chupa. Ukalinyanyua lile dude la upepo wa moto, nta ikalegea. Ukapunguza asali, ukatia sukari uliyoichota mezani asubuhi, ukafunika, ukailainisha nta tena ikaganda. Nta ikishaganda, nani atajua imeganda mara ngapi? Lakini harufu ilibaki, na mama akaisikia. Wakati unasubiri sukari iyeyuke, televisheni iko mbele yako. Hukuweza kuiacha. Ulipotoka, kwenu hukuweza kuingia, kadi alikuwa nazo Mzee. Ndiyo maana Mzee alikukuta koridoni."

Iddy alisimama polepole. "Fabian. Wewe? Tulikupokea kama mtoto wetu."

Kijana aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati.

"Abdulrahim aliniita kabla hatujasafiri," alisema hatimaye. "Alisema asali yenu ikikataliwa, ataiuza yeye kwa jina lake, na mimi nitakuwa wakala wake kule. Nikamwambia nitafikiri. Wallahi nilikuwa nafikiri tu. Kadi nilisahau kuitoa mfukoni siku ya kwanza. Halafu nikaoga yale maji. Nikalala kile kitanda. Nikaona nitarudi Dodoma, chumba changu cha kupanga, ndoo, kibatari umeme ukikatika. Nikasema siwezi. Mtu akishaona vile, anarudije?"

Iddy alikaa tena. Hata Evodia, ambaye kwa siku mbili alikuwa ameitembelea hoteli ile kwa masikio, aliguswa, akachukia kwamba ameguswa. Elisante alikuwa ametazama sakafu. Koplo aliyekuwa mlangoni aliingia na pingu. Evodia alimpa amri ya pili, amfuate Abdulrahim dukani kwake kabla hajasikia.

Ndipo Sikudhani aliponyanyuka. Alikuwa mfupi, na Fabian alikuwa amekaa, kwa hiyo walitazamana sawa kwa sawa.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Ulipofungua chupa yangu, uliionja?"

Fabian aligeuza uso.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulikuwa peke yako na asali yangu kwa saa tatu. Uliionja, hukuionja?"

"Niliionja, mama."

"Ilikuwaje?"

Kijana aliinua kichwa. Alijifuta uso kwa mkono wenye saa mpya.

"Asubuhi ile mezani kwao kulikuwa na vyakula aina arubaini," alisema. "Nilihesabu. Nilikula mpaka nikaona haya. Lakini hakukuwa na kitu hata kimoja kilichoifikia asali ile. Hata kimoja. Nilikaa na kijiko mkononi nikalia."

"Na bado ukatia sukari."

"Na bado nikatia."

 Iddy aliingia ofisi ndogo ya ghala kupiga simu Kondoa, na waliobaki walimsikia akiwaambia wenzake mkutano umefutwa, kisha akirudia jina la Sikudhani mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Evodia alitazama saa. Ilikuwa saa nne na robo, na wanunuzi walikuwa wanasubiri maelezo kabla ya saa kumi. Akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika: kadi, taa, nta, sukari.

"Umeyaandika na aliyoyasema sasa hivi?" Sikudhani akauliza.

"Ya Abdulrahim? Nimeyaandika."

"Siyo hayo. Yale ya kijiko." Mama alikuja akasimama nyuma ya bega lake, akauweka mkono juu ya karatasi. "Hayo mengine ni ya polisi. Hilo la kijiko liweke juu kabisa, walisome kwanza."

Evodia aliichana ile karatasi, akachukua nyingine, akaanza upya.